Pazia Janja Lisiposikia: Kwa Nini Mawasiliano Yake Hukatika

Pazia janja ni pazia la kukunjika la kawaida ambalo ndani ya mrija wake wa juu mmefichwa mota ndogo na kipokezi cha redio, ili liweze kupanda na kushuka kwa amri ya rimoti, ya simu au ya saa iliyopangwa, bila mtu kuvuta kamba. Adha yake kubwa si kuharibika kwa mota, bali mawasiliano yanayokuja na kupotea: leo mapazia manne yanashuka, kesho matatu tu, keshokutwa yote yanatii kana kwamba hapakuwa na neno. Ugonjwa wa namna hii ni mgumu kuupima kuliko ule wa kifaa kilichokufa kabisa, kwa kuwa kila anayejaribu tiba fulani hupata nafuu ya siku mbili na kuamini kwamba amefaulu. Mafundi wengi hukimbilia kufuta kumbukumbu za pazia na kuliunganisha upya, hatua iliyopaswa kuwa ya mwisho, maana mara nyingi kasoro haimo ndani ya pazia bali katika njia ambayo amri hupita kulifikia.

Jambo la kwanza la kujulikana ni lugha ya redio ambayo pazia hutumia, kwa kuwa kila lugha ina masafa yake, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Baadhi ya mapazia huingia moja kwa moja kwenye Wi-Fi ya nyumba, na mengine hutumia Zigbee au Thread, mitandao midogo isiyokula umeme mwingi, iliyojengwa juu ya kanuni za IEEE 802.15.4 zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Na zote hizi hugombania uwanja mmoja wa gigahezi 2.4. Z-Wave, lugha nyingine ya vifaa vya nyumbani, hutumia masafa yaliyo chini ya gigahezi moja, ilhali mota za RTS za kampuni ya Somfy ya Ufaransa husikiliza megahezi 433.42. RTS ina tabia inayowachanganya wengi: amri huenda upande mmoja tu, pazia likapokea bila kujibu, kwa hiyo programu ya simu inayoandika kwamba pazia limefungwa huwa inakisia. Mwenye mfumo huo hana budi kuliangalia dirisha lenyewe.

Mapazia mengi ya Zigbee na Thread huendeshwa kwa betri, na ili betri idumu kwa miezi, redio yake hulala. Huamka kwa kitambo kifupi, humuuliza “mzazi” wake kama kuna ujumbe uliowekwa, kisha hulala tena. Mzazi ni jina ambalo wabunifu wa mitandao hii wamekipa kifaa jirani chenye umeme wa kudumu, kama vile balbu janja, plagi janja au kitovu, yaani kisanduku kinachoratibu mtandao wote, ambacho hulishikia pazia ujumbe hadi liamke. Pazia la betri halimpokezi mwenziwe ujumbe. Kazi hiyo hufanywa na vifaa vya umeme wa ukutani tu. Kwa hiyo nyumba yenye mapazia manane ya betri na kitovu kimoja sebuleni haina mtandao wa kupokezana, hata kama kasha la bidhaa linausifu. Ina mapazia manane yanayotega sikio kwa msemaji mmoja aliye mbali. Kampuni ya IKEA, ilipoanza kuuza mapazia yake ya Fyrtur mwaka 2019, ilitia ndani ya kasha kifaa kidogo cha kuchomeka ukutani ambacho kazi yake ni kupokea mawimbi na kuyapeleka mbele, na wanunuzi wasiojua maana yake hukiacha ndani ya kasha.

Hapa mazoea ya nyumba za Afrika Mashariki huingia katika hesabu. Soketi za matundu matatu ya mstatili zinazotumika Tanzania, Kenya na Uganda, na hata Omani, kwa kawaida huwa na swichi yake, na familia nyingi zimelelewa kuizima kabla ya kulala, iwe kwa kuogopa radi au kwa kuhurumia tokeni na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Plagi au balbu iliyokuwa mzazi ikizimwa hivyo, mapazia yake hubaki yatima. Mengine hutafuta mzazi mpya baada ya muda, mengine huendelea kumwita yule aliyezimwa hadi asubuhi. Pazia linalogoma kila alfajiri na kupona saa tatu, basi, huenda halina ugonjwa wowote, na anayepaswa kutafutwa ni yule anayezima soketi.

Chanzo kingine ni kelele ya hewani. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 imegawanywa katika chaneli ambazo kati yake 1, 6 na 11 ndizo zinazoweza kutumiwa kwa pamoja bila kukanyagana. Zigbee nayo ina chaneli zake nyembamba, kuanzia 11 hadi 26, na namba hizo hazina uhusiano na zile za Wi-Fi, jambo linalowapotosha hata mafundi: chaneli 11 ya Zigbee iko megahezi 2405, ndani ya eneo la chaneli 1 ya Wi-Fi, ilhali 15, 20 na 25 huangukia karibu na mianya iliyoachwa. Ruta, yaani kifaa kinachotoa Wi-Fi, ikiachwa ijichagulie chaneli yenyewe, inaweza kuhama bila taarifa, na pazia lililosikia vizuri jana likajikuta leo katikati ya soko. Inafaa chaneli ya ruta ifungwe mahali pamoja. Kitovu cha umbo la kijiti kilichochomekwa nyuma ya kompyuta kina adui mwingine, kwani Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba vifaa na nyaya za USB 3.0 humwaga kelele katika gigahezi 2.4. Kebo ya nyongeza ya mita moja hukitoa kitovu hicho katika vurugu hiyo. Maikrowevu hulaumiwa kuliko inavyostahili, kwa kuwa kelele yake hudumu kwa muda wa kupasha chakula tu.

Kuta huhitaji kuzingatiwa zaidi. Katika uwazi, umbali ukiongezeka maradufu nguvu ya wimbi hubaki robo, na kila kizuizi hupunguza tena. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, hufikia unene wa nusu mita na hunyonya unyevu. Zege la ghorofa za Dar es Salaam na Mombasa limejaa nondo. Na kioo cha kuzuia joto, chenye utando mwembamba wa metali, hurudisha mawimbi ya redio kama kinavyorudisha miale ya jua. Pazia limewekwa mahali pabaya kuliko kifaa chochote cha nyumbani: pembezoni mwa jengo, juu, ndani ya mrija wa alumini, pengine ndani ya boksi la bati, jirani na nondo za kuzuia wezi. Mota nyingine zina uzi wa waya unaoning’inia kama mkia, nao ndio antena. Fundi asiyelijua hilo huukata au huuzungusha kwenye chuma ili usionekane, na kwa kufanya hivyo huliziba pazia masikio.

Programu nyingi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli zenye alama ya kutoa. Karibu na -60 hali ni njema, na kuelekea -80 mashaka huanza. Kipimo hicho kichukuliwe milango ikiwa imefungwa na watu wakiwa nyumbani, yaani katika hali halisi ya matumizi.

Betri huleta dalili zinazofanana na za redio, lakini zinaweza kutofautishwa. Mota inapoanza kuinua pazia huvuta mkondo mkubwa kwa ghafla, volteji ya betri iliyochoka hushuka, na redio huzimika na kuwaka upya. Kwa kuwa kuinua ni kazi nzito kuliko kushusha, pazia linaloshuka vizuri na kukwama likipanda huelekea kuwa na njaa ya chaji, hata kama simu inaonyesha asilimia 40, kwa sababu asilimia hiyo huenda ilipimwa mota ikiwa imepumzika.

Mapazia ya Wi-Fi yana mitego yake. Mengi hayasikii gigahezi 5, kwa hiyo kuunganisha hushindikana pale ambapo simu imejishika na masafa hayo. Na yale yanayotegemea seva za kampuni iliyoyatengeneza hunyamaza bando linapokwisha, ingawa Wi-Fi ya ndani ni nzima. Baada ya umeme kukatika, kitovu huweza kuwaka kabla ya ruta na kukosa anwani ya mtandao, na dawa yake ni kukizima na kukiwasha tena ruta ikiwa imeshatulia. Kanuni za Matter, zilizotolewa Oktoba 2022, zimerahisisha vifaa vya kampuni mbalimbali kuelewana, lakini hazitoboi ukuta.

Walio ughaibuni wanaotuma vifaa nyumbani wana la kuchunga. Z-Wave ya Marekani hutumia megahezi 908.42, na ya Ulaya 868.42. Afrika Mashariki imo katika kanda moja ya redio na Ulaya, ambako simu za GSM 900 hutumia megahezi 880 hadi 915 kupeleka mawimbi mnarani. Pazia la Marekani, basi, litapiga kelele mle mle simu zinamosemea, nalo litakuwa kiziwi kwa kitovu cha Ulaya.

Uchunguzi wenye manufaa hubadilisha jambo moja kwa siku na kuliandika: kitovu kimesogezwa mita moja kutoka kwenye ruta, kifaa cha kupokezana kimewekwa nusu ya njia, chaneli imefungwa, betri imejazwa. Haraka huharibu ushahidi, kwani pazia la betri linaweza kung’ang’ania mzazi wake wa zamani kwa saa nyingi kabla ya kuhama. Kufuta kumbukumbu kuna gharama yake pia, kwa kuwa katika mota nyingi hufuta na mipaka ya juu na chini, ambayo itabidi ipangwe upya fundi akiwa juu ya ngazi.

Pazia la umeme wa waya halina haja ya kulala, na mengi ya aina hiyo hupokeza ujumbe kwa mengine. Anayejenga sasa amwambie fundi umeme apitishe bomba la waya hadi juu ya kila dirisha kabla ukuta haujapigwa lipu.