Gurudumu la Tatu: Kufufua Pikipiki ya Kigari Kamina

Pikipiki yenye kigari ubavuni hailali kwenye kona. Dereva wa taksi-moto wa Kamina, nchini Kongo, aliyezoea kuinama pamoja na chombo chake kila anapokata kuelekea stesheni, akipanda mashine hii kwa mara ya kwanza atainama na pikipiki itaendelea mbele moja kwa moja. Usukani wake hugeuzwa kwa nguvu ya mikono na mabega. Mazoea ya miaka mingi ya magurudumu mawili hapa yanamponza mtu: gurudumu la tatu linazuia chombo kulala, na hatari yake inategemea mahali uzito ulipokaa.

Tupige hesabu ya mfano. Pikipiki ya zamani pamoja na dereva ina kilo 270. Kigari kitupu kina kilo 80, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 80 kulia kwa pikipiki. Ukivijumlisha, kitovu cha uzito wa chombo kizima kinahamia kulia kwa sentimita 18 tu, nacho kiko juu ya ardhi sentimita 55 hivi. Kwenye kona ya kulia chombo kinataka kupindukia kushoto, na kinachokizuia ni hizo sentimita 18. Kama kona ina nusu kipenyo cha mita 20, gurudumu la kigari linaanza kuacha ardhi kwenye mwendo wa kilomita 29 kwa saa. Ni mwendo wa mtu asiye na haraka! Pakia gunia la mahindi la kilo 100, likae chini kabisa, na kikomo kinapanda hadi 38 hivi. Kwa hiyo kigari kitupu ni hatari kuliko kilichopakiwa, na anayejifunza aanze na mzigo.

Kona ya kushoto ina shida nyingine. Kigari kinakuwa upande wa nje, na mwendo ukizidi, gurudumu la nyuma la pikipiki ndilo linalonyanyuka huku pua ya kigari ikichimba chini. Mimi naiogopa zaidi hii, kwa sababu haitoi onyo la mapema.

Hata barabara ikiwa imenyooka, chombo hakitulii. Injini inasukuma upande wa kushoto, uzito umelala kulia. Ukiongeza moto, pua inavutwa kulia. Ukifunga breki za pikipiki peke yake, kigari kinataka kuendelea na safari na pua inakwenda kushoto. Wabelgiji wa kiwanda cha FN, pale Herstal, walilishughulikia jambo hili katika pikipiki yao ya kijeshi M12, iliyotengenezwa kuanzia 1938: injini ya sentimita za ujazo 992, silinda mbili zinazotazamana, na gurudumu la kigari nalo likizungushwa na injini. Mashine nyingi za zamani hazina kitu hicho. Zinategemea vipimo.

Ndiyo maana nasema kufufua pikipiki ya namna hii ni kufufua vipimo vyake. Rangi isubiri mwisho. Laza mbao mbili zilizonyooka, moja ikigusa magurudumu ya pikipiki, nyingine gurudumu la kigari. Mbele zikaribiane kuliko nyuma, kwa milimita 10 hadi 20. Kisha pikipiki yenyewe iegemezwe kidogo, nyuzi moja au mbili, kwa upande ulio mbali na kigari. Gurudumu la kigari nalo litangulie lile la nyuma la pikipiki. Ukikosea hapo, dereva atashindana na usukani njia nzima mpaka mikono ife ganzi.

Huku kwetu kuna jambo jingine. Kongo tunaendesha kulia. Zambia, Tanzania na Uganda wanaendesha kushoto. Barabara huinuka katikati na kushuka pembeni ili maji ya mvua yatoke, na ule mwegemeo wa nyuzi mbili umewekwa kwa ajili ya mteremko huo. Kigari kilichofungwa kushoto, kwa desturi ya Waingereza, kikivuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia kinajikuta upande wa katikati ya barabara, mteremko ukikivuta kinyume, na abiria amekaa karibu na malori yanayokuja. Wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walikutana na mabadiliko hayo ya upande. Waliondoka London tarehe 11 Desemba 1934 na pikipiki ya Panther ya sentimita za ujazo 600, kigari ubavuni na tela nyuma, wakapita Sahara, Nigeria na Kongo ya Wabelgiji, kisha Uganda, Kenya na Tanganyika, wakafika Cape Town Julai 1935.

Sasa chuma chenyewe. Kamina ni mji wa njia panda ya reli, na watu wake hawaogopi kazi ya vyuma. Kazi ninayoipenda kuliko zote haihitaji hata nyundo. Beringi ya chuma imekwama ndani ya kasha la injini la aluminiamu. Ukiigonga, kasha linapasuka. Liweke kasha juu ya mbabula yenye makaa yaliyotulia, uligeuze polepole, udondoshee tone la maji. Tone likichemka papo hapo, liinue na kitambaa, lipindue juu ya mbao, uligongeshe kidogo. Beringi inadondoka yenyewe. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma: kwa beringi ya milimita 62, joto likipanda kwa nyuzi 80, tundu linapanuka kwa takriban milimita 0.11 na beringi kwa nusu yake tu. Huo upenyo mdogo unatosha.

Magneto inataka subira zaidi. Ndani yake sumaku na koili huzalisha cheche bila betri, lakini koili za zamani zilipakwa shelaki, ambayo hunyonya unyevu na kulainika kwa joto. Baada ya misimu mingi ya mvua ghalani, mashine huwaka ikiwa baridi, ikipata moto inazima na kugoma mpaka ipoe. Wengi hulaumu kabureta. Dawa ni kusokota koili upya.

Kabureta nayo ina lake. Kamina iko kwenye mita 1,100 hivi juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10. Jeti iliyopimwa kwa miji ya pwani itamwaga esanse kupita kiasi, plagi itajaa masizi. Weka jeti ndogo zaidi. Esanse ya kadafi, muuzaji wa kando ya barabara, iache itulie kwanza kwenye chupa: maji ni mazito kuliko esanse, yatazama chini utayaona.

Na njiani, wakati wa masika, malori yanachimba mifereji miwili kwenye udongo mwekundu. Gari huingia yote miwili, pikipiki mmoja. Chombo chetu kina nyayo mbili zilizokaribiana kuliko za lori, na hakienei. Gurudumu la mbele na la nyuma yapeleke kwenye mgongo wa katikati, la kigari lipite kando ya nje ya mfereji wa kulia. Mfereji ukiwa mpana mno, shukeni nyote wawili, abiria asukume.