Mwaka Mpya, Mashine Ileile

Reli inayotoka Lubumbashi hupita Likasi, Tenke, Luena na Bukama kabla ya kuufikia mji wa Kabondo-Dianda, kisha huendelea hadi Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami nchini Kongo. Mashine ya gemu inayofika mji kama Kabondo-Dianda kwa kawaida imeshapita mikono mingi: ilinunuliwa mpya mahali pengine, ikachezwa ikachosha, ikauzwa, ikasafirishwa na mitumba, ikafunguliwa na fundi, ikafungwa tena. Siku za bonane, yaani mwaka mpya, zinapokaribia na kila mtu anataja atakachofanya mwakani, mwenye mashine hiyo naye ana haki ya kujiwekea malengo yake. Mfano anaoletewa na mitandao ni wa wenzake wa Ulaya, Marekani na Japani, ambao kila Januari huandika orodha: kumaliza gemu 50, kukamilisha mkusanyo wa diski za mashine fulani, kupunguza lundo la gemu walizonunua wasizifungue. Hoja yangu ni kwamba orodha hiyo haimfai, na hata walioibuni haiwafai sana. Anayecheza na kukusanya gemu angejiwekea lengo la kutunza, mengine yatafuata.

Tuanze na idadi. Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta kwenye intaneti, lina maelfu kwa maelfu ya gemu na halifungwi usiku wala mchana. Kila mwisho wa mwaka kampuni ya Valve, inayolimiliki, hutoa muhtasari wa uchezaji wa wateja wake. Katika muhtasari wa mwaka 2024, ukiwapanga wachezaji wote mstari mmoja, kuanzia aliyecheza gemu chache hadi aliyecheza nyingi, yule wa katikati kabisa alicheza gemu 4. Tena asilimia 15 tu ya muda wa kucheza ndiyo iliyokwenda kwa gemu zilizotoka mwaka huohuo. Muda uliobaki uliliwa na gemu za miaka ya nyuma. Kumbe mwenye duka zima mkononi na mwenye diski nne ndani ya boksi la viatu wanakaribiana kuliko wanavyodhani, ila wa kwanza amelipia nyingi ambazo hajazigusa. Na namna lengo linavyotamkwa nayo ina uzito. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia watu zaidi ya elfu moja walioweka maazimio ya mwaka mpya: walioazimia kufanya jambo walifanikiwa kwa asilimia 59 hivi, walioazimia kuacha jambo kwa asilimia 47. "Sitanunua gemu mpya" ni azimio la kuacha. "Mashine yangu itafika Desemba ikisoma diski zake zote" ni azimio la kufanya, na mtu anaweza kulipima.

Chukua PlayStation 2, ambayo watu wengi wa upande huu wa Afrika waliijua kabla ya kompyuta. Ilizinduliwa Japani mwezi Machi 2000, na Sony iliuza zaidi ya milioni 155; ndiyo mashine ya gemu ya sebuleni iliyouzwa kuliko zote. Kiwanda kiliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, na FIFA 14, gemu ya mwisho ya FIFA kwa mashine hiyo, ilitoka mwaka huohuo. Kwa hiyo kila PS2 inayowaka leo inaishi kwa matunzo. Ndani yake mna lenzi ndogo inayoteleza juu ya vyuma viwili ikiimulika diski. Vumbi la kiangazi likitua juu ya lenzi, mashine hugoma kusoma, na mwenyewe huilaumu diski, kumbe pamba yenye spiriti kidogo ingemaliza shauri, mradi ikauke kabla ya kuwasha. Diski nayo hufutwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Haifutwi kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko wa data huharibu zaidi kuliko unaoukata. Kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8 inayobeba ligi nzima ya mtaa huweza kupoteza kila kitu ikichomolewa wakati inaandika. Na katika nchi ambayo karibu mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme nyumbani, anayechezea jenereta au sola hana budi kuichunga adapta kama jicho lake: toleo jembamba la 2004 hula volti 8.5 tu, na umeme unaorukaruka haubishi hodi.

Kukusanya nako kunageuka sura ukikutazama kwa jicho la kutunza. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichunguza gemu za zamani zilizotolewa huko kabla ya 2010, ikakuta kwamba asilimia 87 haziuzwi tena kwa njia rasmi. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake za Wii U na 3DS. Mwaka 2024 Ubisoft ilizima seva za gemu ya magari iitwayo The Crew, na hata aliyekuwa na diski halisi alibaki na kipande cha plastiki, kwa sababu gemu haikuweza kwenda bila seva ya kampuni. Mkusanyaji wa Haut-Lomami ajiulize basi: kati ya gemu zangu, ngapi zitawaka bila intaneti na bila ruhusa ya mtu? Hizo ndizo mali yake. Tena zipo diski ambazo hakuna makumbusho ya ng'ambo yanayozitafuta. Gemu ya soka ya Pro Evolution Soccer ilipokosa leseni iliiita Arsenal "North London", na mashabiki wakaketi kurekebisha majina, jezi na nyimbo, wakachoma diski zao wenyewe zenye timu wanazozipenda. Diski ambayo mtu wa Haut-Lomami ameingizia TP Mazembe ya Lubumbashi, klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, mwaka 2010, ni kumbukumbu. Ikivunjika ndiyo basi.

Hapa atainuka mtu aseme kwamba hizo ni nakala za wizi. Hakosei. Kunakili ili kuuza huwaumiza watengenezaji, na Waafrika wamo: Leti Arts, iliyoanzishwa mwaka 2009 ikiwa na watu wa Ghana na Kenya, na Kiro'o Games ya Kamerun iliyotoa Aurion mwaka 2016. Ndiyo maana lengo la kununua kwa halali gemu moja ya Kiafrika kwa mwaka lina nafasi katika orodha ya mtunzaji. Lakini kuihifadhi diski iliyokwisha kufanyiwa kazi na mashabiki, ya gemu ambayo haiuzwi tena, hakumnyang'anyi mtu mkate wake.

Mwingine atasema kwamba simu imeshaimaliza mashine ya sebuleni, na kwamba mtu mwenye fedha abadilishe tu. Ni kweli simu imeleta gemu hadi mfukoni, lakini watu wa Kongo wanajua kuliko wengine kwamba kubadilisha kuna bei iliyofichika. Tantalamu inayotoka kwenye madini ya koltani hutumika katika kapasita ndogo za vifaa vya elektroniki, na Malemba-Nkulu, mkoani humohumo Haut-Lomami, kuna wachimbaji wake. Kobalti imo katika betri nyingi za simu. Kongo huchimba takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na reli ya Kabondo-Dianda inapita Tenke, moja ya machimbo yake makubwa. Bei ya tantalamu ilipopaa mwaka 2000, vita vya mashariki mwa Kongo vilipata fedha. Kuitwisha PlayStation 2 peke yake lawama hiyo, kama wengine walivyofanya, ni kutia chumvi. Lakini kifaa kinachodumu miaka ishirini hakimwombi mchimbaji jiwe la pili.

Pingamizi la wazazi ni zito zaidi: gemu hupoteza muda wa shule na wa kazi. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha ugonjwa wa kutawaliwa na gemu katika mwongozo wake wa magonjwa unaotumika tangu Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuweka gemu mbele ya kila kitu, na kuendelea hata akiona madhara. Mzazi asilipuuze hilo. Hata hivyo, lengo la kumaliza gemu 50 ndilo linalomsukuma mtu kukesha. La kutunza humpa kazi yenye mwisho: kusafisha, kuandika daftari, kumfundisha mdogo wake, kuzima.

Limebaki la mwisho, kwamba malengo huua raha ya mchezo. Yangeua, kama yangeingia ndani ya mchezo wenyewe. Baluba, kabila la eneo hili, wana mchezo wa kisolo, ndugu wa bao, na hakuna anayemuuliza bingwa wa kisolo ana mbao ngapi. Humuuliza amemfunga nani. Ubao mmoja hulainishwa na mikono ya babu hadi mjukuu, na uhuru wa kucheza hautoki kwenye ubao mpya. Mwenye mashine Kabondo-Dianda anaweza kuianza Januari kwa ukurasa mmoja wa daftari: tarehe ya kusafisha lenzi kila mwezi, majina ya diski zote na hali ya kila moja, gemu moja atakayoijua hadi mwisho, na jina la mtoto atakayekabidhiwa padi, au maneti kama waitavyo Wakongo. Desemba alifungue tena, aone ni diski gani bado zinasomeka.