Pombe ya Nyumbani na Dhima ya Mwenyeji

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, ambako kipupwe ni kikali hata ardhi yenyewe huganda, mwashi hana hiari ya kuweka msingi wa nyumba juujuu. Udongo ukiganda huvimba, na ukivimba huunyanyua ukuta na kuupasua, na kwa sababu hiyo sheria ya ujenzi ya jimbo la Wisconsin humtaka ashuke kadiri ya futi 4 kabla ya kulaza msingi wake. Madhali jasho la kuchimba kiasi hicho limekwisha kumtoka, imekuwa ada ya huko kuongeza kina kidogo na kujipatia ghorofa nzima chini ya ardhi. Zamani ghorofa hiyo ilikuwa makao ya tanuri la kupashia nyumba joto, pamoja na makaa ya mawe na akiba ya viazi. Matanuri yalipogeuka kutumia mafuta na gesi, pembe ya makaa ikabaki tupu, na baada ya Vita Kuu ya Pili familia nyingi zikapigilia mbao ukutani, zikajenga kaunta na kupanga viti virefu, zikapata mahali pa kupokelea marafiki wakati theluji imefunga njia. Siku hizi wako wasioridhika na kaunta peke yake: wanataka bia imiminwayo hapo iwe imepikwa kwa mikono yao, ndani ya ghorofa ile ile, hatua chache kutoka kiti cha mgeni.

Aingiaye katika chumba cha namna hiyo kilichokamilika huona mbao zilizong'arishwa, vioo na taa, akadhani kwamba huo ndio ujenzi. Vitu hivyo ndivyo vyepesi kuliko vyote. Uzito wa kazi umo katika maji, hewa, umeme na unadhifu, mambo manne ambayo mgeni hayaoni na ambayo siha yake imeyategemea. Na ninakusudia kueleza katika makala hii kwamba mpika pombe wa nyumbani, kabla ya kuwa fundi wa kinywaji, ni mwenyeji, na kwamba dhima ya mwenyeji humpasa tangu siku anapopiga chepe ya kwanza.

Udugu wa bia na ardhi ni wa karne nyingi. Katika nchi ya Bavaria, mwaka 1553, mtawala alipiga marufuku upikaji wa bia wakati wa kiangazi, akaruhusu kazi hiyo tangu Septemba 29 hadi Aprili 23 tu, kwa kuwa bia iliyopikwa katika joto iliharibika. Basi wapishi wakawa hupika katika baridi na kuilaza bia yao ndani ya mapango na maghala ya chini ya ardhi, wakiizungushia barafu iliyokatwa katika maziwa yaliyoganda, ili iwatoshe mpaka msimu urudi. Wajerumani walipohamia Marekani katika karne ya 19 walichukua maarifa hayo pamoja nao. Frederick Miller, aliyenunua kiwanda kidogo mjini Milwaukee mwaka 1855, aliihifadhi bia yake katika mapango yaliyochimbwa kilimani, na mapango hayo wageni huonyeshwa hata leo. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Milwaukee ashukaye ngazi kwenda kulitazama pipa lake anafuata dasturi iliyoutangulia mji wake, na faida anayoipata ni ile ile waliyoitafuta wazee wale: chini ya ardhi joto halipandi wala kushuka kwa ghafla, na hamira, iliyo kiumbe hai, huchukia mageuzi ya ghafla kuliko inavyochukia baridi yenyewe.

Hata hivyo haki ya sasa ya kupika bia nyumbani si ya kale nchini humo. Tangu Januari 1920 hadi Desemba 1933 pombe ilikuwa imeharamishwa kwa katiba, na raia wengi walipika kwa siri katika ghorofa hizo hizo za chini. Marufuku ilipoondolewa, divai ya nyumbani iliruhusiwa lakini bia haikuruhusiwa, na hali hiyo ikadumu zaidi ya miaka arobaini, mpaka Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria mpya Oktoba 14, 1978, ambayo ilianza kutumika Februari ya mwaka uliofuata. Mwaka ule ule wa 1978, mjini Boulder katika jimbo la Colorado, Charlie Papazian na mwenziwe waliasisi chama cha wapika bia wa nyumbani, na kitabu chake cha mwaka 1984 kikawa mwalimu wa maelfu. Majimbo nayo yalikuwa na sheria zao, na ya mwisho kutoa ruhusa, Mississippi na Alabama, hayakufanya hivyo hata 2013.

Sheria hiyo ya 1978 ina kadiri na ina sharti. Kadiri yake ni galoni 100, yaani takriban lita 380, kwa mwaka katika nyumba yenye mtu mzima mmoja, na galoni 200 katika nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Haikugusa pombe kali ya kukenekwa. Sharti lake ni kwamba bia hiyo isiuzwe. Watu wengi huliona sharti hili kuwa ni mpaka tu wa kodi. Mimi naliona kuwa ndilo lililokipa chumba hiki tabia yake. Kitu kisichouzika chaweza kunywewa na mwenyewe au kutolewa kwa jamala, na kwa kuwa lita mia kadhaa si za koo moja, mwenye kupika hupika kwa ajili ya wengine. Baa ya mjini humpokea mteja. Baa ya chini ya nyumba haina mteja hata mmoja, ina wageni tu, na haki ya mgeni juu ya mwenyeji ni kubwa kuliko haki ya mteja juu ya muuzaji.

Basi ujenzi na uanze na maji. Ukuta wa saruji uliozikwa ardhini huvuta rutuba, na ubao uliopigiliwa juu ya ukuta wenye rutuba huota kuvu kwa ndani, mahali pasipofikiwa na jicho wala kitambaa, hata chumba kizima kinuke. Mjenzi mwenye hadhari hubandika kipande cha plastiki sakafuni, akakiziba kingo zote na kukiacha siku mbili tatu. Akikuta matone chini yake, ajue ardhi inatoa maji, na asipigilie ubao kabla ya kutibu asili ya ugonjwa. Asili hiyo aghalabu iko nje: michirizi ya paa imwagayo maji mguuni mwa ukuta, au udongo ulioinamia nyumba badala ya kuiepuka. Na kwa kuwa kupika bia ni kazi ya kuosha kuliko ilivyo kazi ya kupika, sakafu yahitaji tundu la kutolea maji, mteremko wa robo inchi kwa kila futi kuelekea tundu hilo, na sinki pana yenye kina cha kutosha kulaza sufuria kubwa.

Baada ya maji ni hewa, na hapa pana maadui watatu. Wa kwanza ni radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, itokayo katika mawe na udongo wenye urani na kupenya nyufa za sakafu. Idara ya serikali ya Marekani ya kulinda mazingira huihesabu kuwa sababu ya pili ya saratani ya mapafu nchini humo, baada ya tumbaku. Kipimo chake huuzwa kwa bei ndogo, na dawa yake ni bomba na feni ya kuivuta gesi hiyo kutoka chini ya sakafu na kuitupa juu ya paa, kazi iliyo nyepesi kabla ya kumalizia chumba na ya taabu baadaye. Wa pili ni kaboni monoksaidi, itokayo katika moto wa gesi uwakao mahali pasipo na upepo, nayo huua mtu bila ya kumwamsha. Kwa hiyo jiko la gesi la kupikia uani lisiteremshwe ngazi hizo kamwe. Wa tatu huzaliwa na bia yenyewe: pipa moja la lita 19 linapochacha hutoa takriban lita 400 za hewa ya ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na katika chumba kidogo kilichofungwa huweza kumlevya mtu kwa namna asiyoikusudia. Dirisha, feni, na kengele za kutambua gesi hizi si mapambo ya kungoja fedha zikipatikana.

Wapikao ndani hutumia umeme, na umeme nao una adabu zake. Sufuria ya kupika lita 20 au zaidi huchemshwa kwa koili ya wati 5,500 katika mkondo wa volti 240, inayotaka waya wake peke yake na swichi ikatayo stimu mara tu inapovuja, kwa kuwa mpishi husimama na viatu vilivyolowa juu ya saruji iliyolowa. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni, tena kwa kibali cha mji. Fauka ya hayo, sufuria ichemkayo kwa saa nzima hutoa lita 3 au 4 za maji kama mvuke, na mvuke usipokamatwa na mfuniko wa feni na kutolewa nje, utarudi ukutani na kuilisha kuvu ile ile tuliyoikimbia.

Upishi wenyewe ni wa taratibu na una ladha yake. Kimea cha shayiri kilichopondwa huloweshwa katika maji ya nyuzi joto 65 hadi 68 kwa muda wa saa moja, ambamo vimeng'enya vya nafaka hugeuza wanga kuwa sukari. Maji matamu huchujwa, machicha yakatengwa, na maji hayo yakachemshwa pamoja na maua ya hopu yatiayo uchungu wa kusawazisha utamu, kama vile Wachagga watiavyo gome la msesewe katika mbege yao ya ndizi na ulezi. Kisha hupozwa upesi mpaka nyuzi 20 hivi, hamira ikatiwa, na pipa likafungwa kwa mfuniko wenye kidude cha kupitishia hewa ya ukaa bila ya kuruhusu vumbi kuingia. Tangu hapo mpishi hana kazi ila subira.

Baina ya kupoza na subira hiyo ndipo unadhifu unapotawala. Louis Pasteur alieleza katika kitabu chake juu ya bia, mwaka 1876, kwamba bia huharibiwa na vijidudu vinavyoingia kwa uzembe, na Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu mwaka 1883 kutenga hamira safi ya asili moja; kila kiwanda cha leo kinasimama juu ya mabega ya wawili hao, na mpishi wa nyumbani kadhalika. Chochote kitakachogusa maji yaliyopozwa kioshwe kwanza, kisha kitakaswe kwa dawa. Ndiyo maana ukuta wa upande wa kupikia hufunikwa vigae au karatasi ngumu ya plastiki, sakafu hupakwa rangi isiyopenywa na maji, na rafu huwa za chuma wala si za mbao, ilhali upande wa wageni unaweza kuwa na mbao na zulia kwa kadiri ya hiari ya mwenyewe. Ukuta mwembamba wenye mlango kati ya pande hizo mbili huzuia mvuke kuvuka huku na vumbi la zulia kuvuka kule.

Sasa kaunta na ijengwe. Vipimo vyake vimekwisha kubainishwa na mazoea: kimo cha inchi 42, yaani sentimita 107, viti vya inchi 30, nafasi ya inchi 24 kwa kila aketiye, na inchi 36 nyuma ya kaunta ili amiminaye apate kugeuka. Ubao wa juu utokeze mbele vya kutosha magoti kupata mahali, na chini pawe na fimbo ya kuegemeza miguu, kwa maana kiti kirefu kisicho na fimbo humchosha mgeni kabla ya bilauri ya kwanza kwisha. Bia hukaa katika friza ya sanduku iliyoongezewa kola ya mbao na kutobolewa mabomba, ndani ya kasiki za chuma za lita 19 ambazo zamani zilitumiwa na viwanda vya soda, ikisukumwa na hewa ya ukaa kwa nguvu ya ratili 10 hadi 12 kwa kila inchi ya mraba, katika baridi ya nyuzi 3 au 4. Mipira ya kupitishia bia na ioshwe kila baada ya wiki mbili. Asiyeiosha huipa kila bia yake ladha moja, nayo ni ladha ya uchafu.

Na kwa kuwa kasiki hizo zilizaliwa kwa ajili ya soda, hakuna udhuru wa kukosa bomba moja la kinywaji kisicholevya: tangawizi, au maji ya ndimu yenye gesi, yaliyotengenezwa kwa bidii ile ile. Asiyekunywa kwa dini yake, kwa siha yake au kwa hiari yake, asikalishwe kando na gilasi ya maji ya mfereji kana kwamba amealikwa kwa bahati mbaya. Aidha, karibu majimbo yote ya Marekani humhukumu dereva ambaye kilevi kimefika asilimia 0.08 katika damu yake, na mengi humtia hatiani mwenyeji ampaye pombe kijana asiyetimiza miaka 21. Walakini mwenyeji mwema hangojei kuambiwa na sheria kwamba rafiki aliyekunywa hapewi ufunguo wa gari, hupewa kitanda.

Basi anayekusudia kujenga na azigawe fedha zake kwa utaratibu huu: kwanza kipimo cha radoni na tiba ya rutuba, kisha tundu la maji na umeme, kisha feni, kisha vyombo vya kupikia, na kaunta iwe ya mwisho. Fedha zikimwishia kabla ya kuifikia kaunta, atandike kitambaa juu ya meza ya kawaida na awaite marafiki bila ya haya. Meza ya kawaida mgeni ataivumilia kwa furaha, lakini hewa mbaya hataivumilia, wala hapasi kuombwa aivumilie.