Makande ya Njombe na nomino za Kiingereza
(Sehemu ya pili)

Bakuli la makande likitua mezani Njombe, baridi ya Juni ikiwa inauma vidole, ndani yake mna mahindi na maharage. Kwa Kiswahili hao ni ndugu wa ngeli moja: mahindi yameiva, maharage yameiva. Mwambie sasa mwanafunzi wa kidato cha kwanza aandike kwa Kiingereza kilichomo bakulini. Wengi wataandika "maizes and beans", na neno la kwanza litapigiwa mstari mwekundu. Sahihi ni "maize and beans". Chungu kimoja, moto mmoja, lakini Kiingereza kinahesabu maharage na kukataa kuhesabu mahindi.

Mtoto huyo hakukosea kwa uzembe. Amefuata kanuni ya lugha yake kwa uaminifu: kiambishi ma- kimemwambia kuna wingi, naye ameupeleka wingi huo kwenye Kiingereza. Amemaliza shule ya msingi akifundishwa kwa Kiswahili, na ghafla biolojia, fizikia na jiografia zote zinamjia kwa Kiingereza. Anastahili kuelezwa kosa lilipozaliwa. Mstari mwekundu peke yake haumfundishi kitu.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilipitia aina za maneno kwa ujumla, tangu Mgiriki Dionysius Thrax, ambaye jina lake limefungamana na kitabu cha sarufi cha karibu mwaka 100 kabla ya Kristo kilichozigawa katika mafungu 8. Wagiriki waliiita nomino "onoma", Walatini "nomen", na maneno yote mawili maana yake ni jina tu. "Noun" ya Waingereza imetokana na hilo la Kilatini, na nomino yetu ni ya ukoo huohuo. Lakini jina la pamoja lisitudanganye. Nomino ya Kiswahili na ya Kiingereza hazitambuliki kwa alama zilezile.

Ya Kiswahili hujitambulisha kwa umbo. Chukua mzizi -bena. Ukisikia Mbena, ni mtu mmoja. Wabena, watu wengi. Kibena, lugha yao. Ubena, nchi yao. Mwanzo wa neno umeshasema karibu kila kitu kabla sentensi haijaanza, kisha ngeli inavisimamia vivumishi na vitenzi vyote vinavyofuata. Mzungumzaji wa Kibena au Kikinga ana mfumo wa namna hiyo tangu nyumbani, maana ngeli ni mali ya lugha za Kibantu, na hizo mbili ni za Kibantu kama Kiswahili.

Nomino ya Kiingereza haivai sare hiyo. Hutambulika kwa mahali ilipokaa na kwa majirani zake. Neno "train" likisimama peke yake halijulikani ni nini. Ukisema "the train stops at Makambako", ni gari moshi, kwa sababu "the" imetangulia na kitenzi kimefuata. Ukisema "they train teachers", neno hilohilo limekuwa kitenzi, wanafunza walimu. "Book" ni kitabu, lakini msafiri anayekata tiketi pale stendi anafanya kitendo ambacho Kiingereza nacho hukiita "book". "Plant" ni mmea, na pia ni kupanda. Basi anayekariri orodha ya nomino bila sentensi amejifunza nusu ya kazi, na ile nusu nyepesi.

Turudi kwenye mahindi. Kiingereza hugawa nomino zake katika zinazohesabika na zisizohesabika, na mgawanyo huo hauonekani kwenye umbo la neno. Nafaka nyingi zimeangukia upande usiohesabika: "maize", "rice", "wheat". Jamii ya kunde imeangukia upande wa pili: "beans", "peas". Ndiyo maana husemwa "much maize" lakini "many beans". Ukubwa wa punje hauhusiki hapa. Ni mazoea ya wenye lugha, nayo hujifunzwa neno kwa neno.

Mitego mikubwa imo katika maneno ambayo Kiswahili huyasema kwa wingi kila siku. Maziwa yamemwagika, lakini "the milk has spilt". Mizigo imepakiwa kwenye basi, lakini ni "luggage", kamwe si "luggages". Vifaa ni "equipment", samani ni "furniture", habari ni "information", nazo zote hukataa s. Ukitaka kuzihesabu, Kiingereza kinakudai kipimo, kama muuza mahindi wa Makambako anavyotumia debe na gunia: "two sacks of maize". S imekaa kwenye gunia. Mahindi yamebaki vilevile.

Jambo la pili linalowasumbua wengi ni nomino zilizofuatana. Reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Makambako kuelekea Zambia, inaendeshwa na chombo kiitwacho kwa Kiingereza "Tanzania-Zambia Railway Authority". Nomino 4 mfululizo, hakuna hata neno moja la kuziunganisha. Mkuu wao yuko mwisho. Kiswahili kinamtanguliza: Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia. Kwa hiyo msururu wa Kiingereza usomwe kutoka nyuma, na ile -a unganifu msomaji aitie mwenyewe kichwani. "Tea factory" ni kiwanda cha chai. "Milk cow" ni ng'ombe wa maziwa, bali "cow milk" ni maziwa ya ng'ombe. Wingi nao kwa kawaida humwendea mkuu peke yake: wakulima wa parachichi ni "avocado farmers", hata kama kila mmoja ana miti mia.

Waswahili wenyewe wameyatwaa maneno ya Kiingereza na kuyapanga upya kwa sikio la ngeli. Amri ya barabarani "keep left" ni kitenzi na kielezi, lakini huku imekuwa kiplefti, na wingi wake viplefti, kama kitabu na vitabu. "Mudguard" ilisikika kuwa na ma- ya wingi, ikawa madigadi, na moja ni digadi. Waingereza nao walifanya hivyohivyo. Njegere waliziita zamani "pease", neno la umoja lisilo na wingi ndani yake. Sikio lao likaisikia ile s ya mwisho kuwa ni ya wingi, na katika karne ya 17 wakaikata, likazaliwa neno "pea" ambalo hapo awali halikuwapo.

Sehemu ya tatu itahusu "a" na "the", maneno mawili mafupi ambayo Kiswahili hakina.