Tovuti Inapohama Toleo, Makosa Hayapigi Kelele

"Tovuti inafanya kazi, wateja wanaingia, fomu zinajazwa. Niiguse ya nini?" Mwenye tovuti ana kila sababu ya kuuliza hivyo fundi wake anapomwambia kwamba umefika wakati wa kutoka Bootstrap 4 kwenda Bootstrap 5. Kazi hiyo inakula fedha, na ikifanywa vizuri mgeni wa tovuti haoni tofauti kubwa. Ili kumjibu, yabidi kueleza mambo mawili: kwa nini toleo la zamani halikai salama milele, na kwa nini kuhama kunadai macho na subira kuliko ustadi wa kuandika msimbo.

CSS ndiyo lugha inayokiambia kivinjari ukurasa uonekaneje: herufi ziwe na ukubwa gani, kitufe kiwe rangi gani, safu zipangwe vipi kwenye simu na kwenye kompyuta. Kuandika yote hayo upya kwa kila tovuti ni kazi ndefu, ndiyo maana mafundi wengi hutumia kiunzi, yaani mkusanyiko wa mitindo ambayo wengine wamekwisha kuiandika na kuijaribu. Bootstrap ni miongoni mwa viunzi vinavyotumika sana duniani. Mark Otto na Jacob Thornton waliitengeneza walipokuwa wakifanya kazi Twitter, ikatolewa bure kwa umma Agosti 2011. Kwa kuitumia, fundi haandiki tena kwamba kitufe kiwe cha bluu chenye kona za mviringo. Anakipa majina "btn btn-primary", mengine yanafanywa na kiunzi. Majina hayo huitwa klasi, na hata tovuti ya shule au ya hoteli ndogo huwa nayo kwa mamia.

Matoleo ya Bootstrap hutambulishwa kwa namba tatu, kama 4.6.2. Namba ya mwisho ikipanda, ujue kasoro ndogo zimerekebishwa. Ya katikati ikipanda, kuna vitu vimeongezwa. Ya kwanza ikipanda, watengenezaji wanatangaza kwamba baadhi ya uliyoyazoea yameondolewa, na ni juu yako kuyatafuta. Toleo la 3 lilitoka Agosti 2013, la 4 likafuata Januari 2018, la 5 Mei 2021. Likija jipya, la zamani hupewa muda kisha huachwa. La 3 liliachwa Julai 2019, la 4 Januari 2023. Tangu hapo, likigunduliwa tundu la usalama, watengenezaji hawaahidi tena kuliziba. Na matundu yapo kweli. Februari 2019 yalitolewa matoleo ya 3.4.1 na 4.3.1 kuziba tundu lililokuwa kwenye vile visanduku vidogo vya maelezo vinavyochomoza kielekezi kikipita juu ya neno. Kupitia tundu hilo, mhalifu angeweza kupenyeza msimbo wake ndani ya kivinjari cha mgeni.

Hiyo ndiyo sababu ya kuhama. Ugumu wake unatokana na tabia ya CSS yenyewe. Programu iliyoandikwa kwa lugha kama Python ikikutana na mstari usiokubalika, husimama na kutaja faili pamoja na namba ya mstari wenye kosa. CSS haifanyi hivyo. Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994, toleo la kwanza likapitishwa rasmi Desemba 1996, na kanuni yake tangu zamani ni kwamba kivinjari kikikuta amri kisichoielewa, kiiruke na kuendelea. Ni kanuni ya busara. Kwa sababu yake, ukurasa ulioandikwa leo hufunguka kwenye simu ya miaka mingi iliyopita, hata kama baadhi ya mapambo hayaonekani. Klasi nazo ni hivyo hivyo. Klasi isiyo na mtindo wowote si kosa mbele ya kivinjari. Kinafanya kama mwalimu anayeita majina kwa daftari la mwaka jana: asiyekuwepo haitiki, somo linaendelea, na hakuna anayeulizwa.

Chukua kitufe kimoja cha Bootstrap 4, kile cha kufungua fomu ya kuweka nafasi ya chumba. Kimepewa klasi "btn btn-primary btn-block ml-2" na sifa "data-toggle" yenye thamani "collapse". Weka faili za toleo la 5 mahali pa zile za 4, usiguse kingine, kisha fungua ukurasa. Kitufe kipo na bado ni cha bluu, kwa kuwa "btn" na "btn-primary" zimebaki. Hakitandi tena upana wote wa simu, kwa kuwa "btn-block" imeondolewa. Nafasi iliyokuwa kushoto kwake imepotea, kwa kuwa "ml-2" sasa inaitwa "ms-2". Ukikibonyeza hakifungui kitu, kwa kuwa toleo la 5 linasoma "data-bs-toggle" na "data-bs-target", na majina ya zamani halina habari nayo. Hakuna onyo lolote kwenye skrini. Mwenye hoteli anaweza kukaa wiki nzima akidhani msimu wa wageni umeharibika.

Lebo za hali ni hatari zaidi. Tuseme ukurasa wa ada wa shule una safu yenye lebo ya kijani "Imelipwa" au nyekundu "Haijalipwa". Katika toleo la 4 rangi hizo zililetwa na klasi "badge-success" na "badge-danger". Toleo la 5 limezifuta, na badala yake hutumika "bg-success" na "bg-danger". Lakini klasi mama, "badge", imebaki, na katika toleo jipya yenyewe ndiyo inayozipa herufi rangi nyeupe. Matokeo yake ni herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Maneno yamo ukurasani, ila mhasibu akitazama anaona safu tupu. Kinyume chake kinatokea kwa klasi "sr-only", iliyokuwa ikificha maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya visoma skrini vinavyowasaidia wasioona. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na "visually-hidden". Usipobadilisha, maelezo yote yaliyofichwa yanamwagika hadharani katikati ya ukurasa.

Hapo fundi mwenye haraka hutamani kumaliza kwa pigo moja: aagize kompyuta itafute "ml-" kila mahali na kuweka "ms-". Akifanya hivyo bila kuweka mipaka ya neno, ataharibu hata vitu visivyohusika, maana "ml-" imo pia ndani ya "html-". Pia kuna klasi ambazo kutafuta hakuzioni kabisa. Zile lebo za ada, kwa mfano, mara nyingi hazikuandikwa zikiwa kamili. Programu ya upande wa seva iliandika "badge-", kisha ikaunganisha neno linalotoka kwenye hifadhidata kulingana na malipo. Ukitafuta "badge-success" kwenye faili zote utaambiwa haipo, ilhali inazaliwa upya kila ukurasa unapofunguliwa. Maficho mengine ni hifadhidata yenyewe. Habari na matangazo yaliyowekwa miaka mitatu iliyopita yamehifadhiwa humo pamoja na klasi za wakati ule, na anayepekua folda za msimbo peke yake hatazigusa.

Si haki kudhani kwamba watengenezaji walibadilisha majina kwa kupenda tu. "ml" na "mr" zilikuwa vifupisho vya Kiingereza vya nafasi ya kushoto na ya kulia, na zilitosha kwa ukurasa unaosomwa kutoka kushoto. Ukurasa wa Kiarabu husomwa kutoka kulia, kama yalivyosomwa maandishi ya Kiswahili kwa karne nyingi yalipokuwa yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tovuti ya kampuni ya Muscat yenye kurasa za Kiarabu na Kiingereza inahitaji mpangilio mzima ugeuke mgeni anapobadili lugha. Ndiyo maana toleo la 5 linasema "mwanzo" na "mwisho" wa mstari: "ms" na "me", "text-start" na "text-end", "float-start" na "float-end". Ukipakia faili ya Bootstrap iliyoandaliwa kwa lugha za kutoka kulia na kuueleza ukurasa mwelekeo wake, mwanzo unahamia kulia bila fundi kuandika kurasa mara mbili.

Mabadiliko mengine makubwa ni kuachana na jQuery. Maktaba hiyo ya JavaScript ilianzishwa na John Resig mwaka 2006, wakati kila kivinjari kilikuwa na mambo yake, ikawasaidia mafundi kuandika amri moja inayoeleweka kote. Vivinjari vya leo vinakubaliana katika mengi, hivyo Bootstrap 5 haiihitaji, na msaada kwa Internet Explorer umekoma. Ukurasa usiobeba jQuery unapungua kilobaiti 30 hivi hata baada ya kubanwa, nafuu inayosikika kwa mgeni wa bando dogo. Hata hivyo, kabla ya kuiondoa kagua kwanza nani mwingine anaitegemea. Kalenda za kuchagua tarehe, majedwali yanayojipanga na picha zinazopishana huenda ni programu-jalizi za zamani zinazokufa bila jQuery. Hakuna ubaya kuiacha kwa muda, kwani Bootstrap 5 ikiikuta kwenye ukurasa hukubali kufanya kazi nayo.

Yapo pia mabadiliko yasiyovunja kitu ila yanabadilisha sura. Bluu ya kawaida imekolea kidogo ili maandishi meupe yasomeke vizuri juu yake. Viungo sasa vinapigiwa mstari chini muda wote. Nafasi kati ya safu na safu, iliyokuwa pikseli 30, kwa kawaida imekuwa 24. Ukitazama moja moja, hayana uzito. Lakini karibu kila tovuti iliyokaa miaka kadhaa ina faili ya viraka, yaani mitindo ambayo fundi aliiongeza juu ya kiunzi ili kusogeza hiki na kubana kile. Kila kiraka kilipimwa kwa vipimo vya toleo lililokuwepo. Kiunzi kikibadilika, kiraka kinabaki kikivuta upande ambao hauhitajiki tena. Kazi kubwa ya kuhama, na muda mwingi wa fundi, huishia hapa. Kilichobadilika ndani ya kiunzi kimeandikwa katika mwongozo wake rasmi wa kuhama, lakini viraka vya tovuti yako havina mwongozo. Njia ya uhakika ni kuvizima vyote kwenye nakala ya majaribio, kisha kurudisha kimoja kimoja kile tu ambacho ukurasa unakidai. Vingi havitarudi.

Kwa hiyo kazi ianze kabla msimbo haujaguswa. Orodhesha aina zote za kurasa, ukianza na zile zinazoingiza fedha au taarifa: fomu, malipo, kuingia kwa nenosiri, risiti. Piga picha ya skrini ya kila moja kwa upana wa simu na wa kompyuta. Tengeneza nakala ya tovuti isiyoonekana na wageni, hamisha huko, kisha linganisha picha na picha. Bonyeza kila kinachobonyezeka, maana picha haionyeshi kitufe kilichokufa. Jaza fomu kwa makosa makusudi uone kama maonyo yanatokea. Fungua kurasa za zamani zinazotoka kwenye hifadhidata. Mwishoni, tovuti ikiwekwa hewani, faili za mitindo zipewe majina mapya. La sivyo, mgeni wa mara kwa mara, ambaye simu yake imeweka akiba ya faili za zamani, ataona kurasa mpya zilizovishwa mitindo ya toleo lililoachwa.

Aliyebaki toleo la 3 asihangaike kutulia kwanza kwenye la 4. Asome miongozo yote miwili ya kuhama, wa kwenda la 4 na wa kwenda la 5, kwa kuwa paneli na alama za Glyphicons alizozoea ziliondolewa katika la 4, lakini ahamie moja kwa moja la 5 ili kurasa zijaribiwe mara moja tu.

Je, kila mtu ahame leo? Tovuti ya kurasa tano zisizo na fomu, inayotarajiwa kujengwa upya mwakani, inaweza kungoja. Tovuti inayopokea malipo, majina au namba za simu za watu haina sababu nzuri ya kungoja. Mwenye tovuti anapopatana bei na fundi, asiridhike na ahadi ya kuwekewa faili za toleo jipya, kwa kuwa hiyo ni kazi ya dakika chache. Ayaombe kwa maandishi mambo matatu: orodha ya kurasa zitakazokaguliwa, picha za kabla na baada, na siku kadhaa za marekebisho baada ya tovuti kuwekwa hewani. Fundi anayeijua kazi hii atakuwa ameshaiandaa orodha hiyo. Asiyekuwa nayo bado hajajua anachokwenda kutafuta, na bei yake, hata ikiwa ya chini, mwenye tovuti atakuja kuilipa mara ya pili.