Wifi ya nyumba: Pima kwanza, njo ulalamike



Mu lupango zetu hapa Kolwezi, feza ya intaneti si feza ya kuchezea tena. Baba akiwa wiki tatu mu kambi ya mugodi, telefone ya video njo inamuonyesha mutoto wake. Mutoto anayengoja Egzamen d'État anatafuta masomo pale pale. Wifi ikikatika, ni jamaa inakatika.

Kwangu ilikuwa inakatika kila magaribi. Nilikuwa tayari kuandikia barua kompani inayotuuzia intaneti, na majirani watatu walitaka kutia saini. Kijana mumoja, fundi wa umeme, akaniuliza: «Baba delege, ulishapima?» Nikanyamaza. Ku sendika ni mimi nafundishaka wenzangu: usiingie mu biro ya patron bila hesabu mukononi.

Fahamu kwanza kama njia ni mbili. Ya kwanza inatoka ku antene ya kompani mpaka ku modemu. Ya pili inatoka ku modemu mpaka ku telefone yako. Alama ya wifi ku telefone inaonyesha paka njia ya pili. Inaweza kujaa yote, na intaneti isiende.

Kwa kupima njia ya kwanza, simama metre moja karibu na modemu, fanya jaribio la mwendo wa intaneti. Kama hata pale inaenda pole, mara mingi shida haiko ku njia ya pili: inaweza kuwa forfait imeisha ao ni ku kompani. Kama pale inakimbia na mu chumba inalala, shida ni nyumba yako. Lakini angalia: kila jaribio linakula mega. Mbili ao tatu zinatosha.

Kwa njia ya pili, tia programu kama WiFi Analyzer mu telefone ya Android. Itakupa hesabu yenye alama ya kutoa, kwa kipimo cha dBm. Yenye kuwa karibu na zero njo yenye nguvu. -50 ni nzuri sana. Ku -67 video ingali inapita. Ku -70 inaanza kusumbua, na ku -80 ni kama hakuna kitu. Kila ukishuka 10, nguvu inabaki moja ya kumi.

Andika hesabu ya kila chumba ku karatasi. Kwangu, karibu na modemu nilipata -38, chumba ya batoto -79. Sababu? Modemu ilikuwa chini, nyuma ya frigo, na kuta mbili za matofali mbele yake. Mwenye kutumika chini ya udongo anajua: redio haipite jiwe, njo maana banavuta kamba ya pekee mu galeri. Chuma ni mbaya zaidi: manjanja, mulango wa chuma, frigo, hata kioo kikubwa. Pipa ya maji nayo inameza nguvu.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Pandisha modemu ku etajere, urefu wa kifua, katikati ya nyumba. Kama ni modemu ya karte SIM, inapenda dirisha lenye kuangalia antene; jaribu pande mbili, acha pale hesabu iko bora. Kwa chumba cha nyuma chagua 2,4 GHz, inapita kuta vizuri. 5 GHz inakimbia lakini haifike mbali. Mu 2,4 GHz, kanali 1, 6 na 11 hazigongane: chukua ile majirani hawajae. Tena badilisha neno la siri kama mutaa muzima unalijua.

Ukinunua kifaa cha kurudilia wifi, usikitie mu chumba chenye kufa. Kitie katikati ya njia, pale nguvu ingali nzuri, kama sivyo kitarudilia paka uzaifu. Kwa aneksi ya mbali, kamba ya rezo inaenda mpaka metre 100.

Nilihamisha modemu tu: chumba ya batoto sasa ni -62. Barua yangu nikaipasua. Lakini jirani mumoja alipima metre moja karibu na modemu, asubui, midi na magaribi, siku tatu, na kila mara ilikuwa pole. Yeye barua yake imeenda, na karatasi ya hesabu nyuma yake. Jibu tunalingoja, na safari hii hawatasema ni kuta.