Uzito wa Ukurasa wa Tovuti na Namna ya Kuupunguza

Ukurasa wa tovuti hauwezi kuwekwa juu ya mizani, lakini una uzito. Uzito huo ni idadi ya baiti zinazosafirishwa kutoka kwenye kompyuta inayouhifadhi ukurasa, iitwayo seva, hadi kwenye simu au kompyuta ya msomaji. Anayeutengeneza ukurasa ndiye anayeamua ukubwa wa mzigo; anayeusoma ndiye anayeulipia, kwa muda wake wa kusubiri na kwa fedha za kifurushi chake cha intaneti. Kwa hiyo kupima uzito na kuupunguza ni miongoni mwa stadi za kwanza zinazompasa mtengenezaji wa tovuti. Hisabati inayohitajika ni ile ile inayofundishwa katika shule za sekondari.

Ukurasa umeundwa kwa nini?

Mfumo wa tovuti ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo karibu na mji wa Geneva. Aliandika pendekezo lake mwaka 1989, na mwaka 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuutumia mfumo huo bila malipo.

Hadi leo msingi wa ukurasa ni maandishi. Lugha ya HTML hueleza kipi ni kichwa cha habari, kipi ni aya na picha ikae wapi. CSS, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1996, hueleza rangi, ukubwa wa herufi na mpangilio. JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, huupa ukurasa uwezo wa kutenda, kwa mfano kukokotoa jumla au kukagua fomu iliyojazwa. Zote tatu huweza kuandikwa kwa programu yoyote ya maandishi ya kawaida, hata ile ndogo inayopatikana ndani ya kompyuta tangu inaponunuliwa.

Maandishi ni mepesi. Herufi moja ya Kiswahili huchukua baiti 1 tu. Makala yenye maneno 1,000 huwa na herufi zipatazo 7,000, pamoja na nafasi zilizo baina ya maneno. Yaani kilobaiti 7. Kwa upande mwingine, picha moja iliyopigwa kwa simu ya mkononi huweza kufikia megabaiti 4. Picha hiyo moja ina uzito wa makala zaidi ya 500 za aina hiyo. Ni dhahiri, basi, kwamba anayetaka kupunguza uzito aanze na picha.

Hesabu ya picha

Picha ya kompyuta ni mkusanyiko wa nukta za rangi ziitwazo pikseli. Kila pikseli huelezwa kwa namba tatu, za rangi nyekundu, kijani na buluu, na kila namba huchukua baiti 1. Picha yenye upana wa pikseli 4,000 na kimo cha pikseli 3,000 ina pikseli milioni 12, nazo huhitaji baiti milioni 36 kabla ya kubanwa.

Hata hivyo simu nyingi za bei nafuu zina skrini yenye upana wa pikseli 720 tu. Pikseli zinazozidi hapo husafirishwa, hulipiwa, kisha hutupwa. Picha hiyo ikipunguzwa iwe na upana wa 800 na kimo cha 600, itabaki na pikseli 480,000. Upana umegawanywa kwa 5, na kimo vivyo hivyo. Kwa kuwa eneo hufuata mraba wa urefu, pikseli zimegawanywa kwa 25.

Baada ya kupunguza vipimo hufuata kubana. Njia ya JPEG, iliyokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, hutumia udhaifu wa jicho la binadamu. Jicho hutambua tofauti za mwanga kwa ukali zaidi kuliko tofauti za rangi. Kwa hiyo sehemu ya habari za rangi huweza kuachwa bila mtazamaji kugundua. Kisha picha hugawanywa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na kila mraba huelezwa kama jumla ya mawimbi, kwa njia ya kihisabati iliyochapishwa na Nasir Ahmed na wenzake mwaka 1974. Mawimbi mapana, yanayobeba umbo la jumla, huhifadhiwa kwa uangalifu. Yale membamba, yanayobeba mambo madogo mno, hukadiriwa au huachwa kabisa. Kilichoachwa hakirudi tena, na kwa sababu hiyo nakala ya awali ya picha haina budi kutunzwa kando.

Si kila picha inafaa kubanwa hivyo. Mchoro wenye mistari na maandishi hufifia kingo zake ukihifadhiwa kwa JPEG. Huo hufaa kuhifadhiwa kwa PNG, ambayo haipotezi pikseli hata moja. Mchoro wa maumbo ya jiometri hufaa zaidi kwa SVG, ambayo haihifadhi pikseli bali maelezo ya umbo. Duara, kwa mfano, huelezwa kwa kitovu chake na nusu kipenyo chake. Hilo huhitaji baiti chache tu, na duara hubaki safi hata likikuzwa mara 100.

Muda wa kusubiri

Mtandao hupimwa kwa biti, na baiti 1 ni biti 8. Picha ya megabaiti 4 ni biti milioni 32. Katika mtandao unaopitisha biti milioni 1 kwa sekunde, itachukua sekunde 32. Ikipunguzwa hadi kilobaiti 100, itachukua chini ya sekunde 1. Wanafunzi 40 wakifungua picha ile ya kwanza, kila mmoja kwa simu yake, wametumia megabaiti 160. Wakifungua ya pili, wametumia megabaiti 4.

Mkongo wa baharini wa SEACOM, uliofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, uliongeza sana uwezo wa mawasiliano ya Afrika Mashariki. Lakini mkongo nao huweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika, huduma ya intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na katika nchi za jirani. Njia inapokuwa nyembamba namna hiyo, ukurasa wa kilobaiti 50 bado huweza kumfikia msomaji, ilhali ule wa megabaiti 5 humwachia skrini nyeupe. Ukurasa huo ukiwa una matokeo ya mtihani au maelekezo ya zahanati, tofauti hiyo si ndogo.

Tahadhari nyingine yahusu JavaScript. Picha ikishafika huonyeshwa tu, lakini programu ikifika ni lazima isomwe na kutekelezwa na simu yenyewe. Simu dhaifu huchelewa mara mbili: kwanza katika kupokea, kisha katika kutekeleza. Kazi inayoweza kufanywa na HTML au CSS isipewe JavaScript.

Vyombo vya kupimia

Chombo cha kupimia kimo ndani ya kivinjari. Katika kompyuta nyingi, kubonyeza kitufe cha F12 ndani ya Firefox au Chrome hufungua vyombo vya mtengenezaji. Sehemu ya mtandao huorodhesha kila faili lililopakuliwa, ukubwa wake na muda wake. Huweza pia kuiga mtandao wa polepole. Kwa kupunguza picha, programu ya GIMP hupatikana bila malipo.

Jaribio la darasani

Jaribio hili halihitaji intaneti. Mwalimu achague picha moja iliyopigwa kwa simu, na wanafunzi waandike ukubwa wake katika baiti. Kwa GIMP, waipunguze iwe na upana wa pikseli 800, kisha waihifadhi kwa JPEG mara nne kutoka katika nakala ile ile, kwa viwango vya ubora vya 90, 70, 50 na 30. Wachore grafu, ubora ukiwa kwenye mhimili wa mlalo na baiti kwenye mhimili wa wima. Mwishowe picha zote nne zionyeshwe bila kutaja kiwango, na kila mwanafunzi aandike ni ipi ya kwanza kuonekana mbovu. Baiti zote zinazozidi zile za kiwango cha chini kabisa ambacho bado kilionekana kizuri ni mzigo ambao msomaji angeubeba bila faida.